Nani alishika kalamu? Majibu kwa wanaotafuta mababu wa Kipolandi

Nasaba Zetu: Bi Mkubwa wa Masijala anajibu barua za wasomaji

Barua tatu za safari hii zinahusu jambo moja, majina ya Wapolandi. Ya kwanza imetoka mbali, na jibu lake ni refu kuliko nilivyozoea kuandika hapa. Mnivumilie, maana yaliyomo yatawafaa hata wenye kutafuta jamaa wa mataifa mengine.

*

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Chicago na mume wangu na watoto. Ukoo wa mume wangu ni Dombrosky. Babu wa baba yake alitoka Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi kwenye machinjio ya hapa. Mwanangu wa kwanza anawajua wazee wake wa Tanga mpaka kizazi cha tano, na sasa anataka kuwajua wa upande wa baba yake. Mama mkwe anasema zamani waliitwa Dąbrowski, na kwamba ofisa wa uhamiaji wa Ellis Island ndiye aliyelibadilisha jina. Sensa ya 1910 inasema Albert Dombroski, mzaliwa wa Urusi. Ya 1920 inasema George Dumbrowsky. Cheti cha kifo kinasema Wojciech Dombrosky. Mkewe ni Hattie kwenye karatasi, Jadwiga kwenye kaburi. Meli yao sijaiona popote. Hawa ni mtu mmoja au ni watatu, na kwa nini wanasema Urusi wakati sisi twaambiwa ni Wapolandi?

Mtanga wa Chicago

*

Marahaba mwanangu, na unisalimie huyo mjukuu wangu mwenye hamu ya kujua watu wake.

Kwa ulivyonieleza naona mtu mmoja. Wojciech ndilo jina la ubatizo. Mapadri walipoandika Kilatini walimwita Adalbertus, na kutokana na hilo akina Wojciech wengi wakawa Albert huko Marekani. Wengine waliitwa George, kwa mazoea tu ya mitaani. Jadwiga kwa Wajerumani ni Hedwig, kwa Wamarekani akawa Hattie. Ukizoea utaona mpangilio: Stanisław huwa Stanley, Władysław na Wacław wote wawili huangukia Walter, Czesław ni Chester, Bronisława ni Bertha au Bernice. Basi ukikuta nyumba ina George na Hattie mwaka 1920, na mwaka 1910 ina Albert na Jadwiga, usiseme huyu aliyeoa ni mwingine. Watazame watoto. Wakiwa walewale, wanafuatana vilevile, na umri umesogea miaka kumi, umempata mzee wako.

Sasa la mama mkwe, kwa heshima zake zote. Hadithi ya ofisa wa Ellis Island imo katika nusu ya barua za Wamarekani ninazoletewa, na mimi siikubali, kwa sababu inawapotezea watu muda kwa kuwatuma kutafuta hati ambayo haikuandikwa. Kituo kile cha kupokelea wahamiaji bandarini New York kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Maofisa wake hawakuwa na kazi ya kuwaandika wageni majina. Walikuwa na orodha ya abiria mezani, na orodha hiyo ilijazwa na watu wa kampuni ya meli upande wa pili wa bahari, Hamburg, Bremen, Rotterdam au Antwerp, kabla nanga haijang'olewa. Ofisa alimwita mtu, akamuuliza maswali, akalinganisha na kilichoandikwa, akatia alama. Wakalimani walikuwapo. Fiorello La Guardia, yule aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mkalimani pale kati ya 1907 na 1910.

Jina lilibadilika baadaye, Chicago kwenyewe, kidogo kidogo. Msimamizi wa zamu alilikata. Mwalimu akamwandika mtoto alivyomsikia. Karani wa sensa akabisha hodi mchana, baba yuko kazini, akajibiwa na jirani. Na mara nyingi mwenye jina mwenyewe aliamua kuandika kwa namna ambayo majirani wangeweza kuisoma. Sheria ya kule haikumlazimisha kwenda mahakamani. Mtu aliweza kuanza kutumia jina jipya, watu wakamzoea nalo, likawa lake.

Mimi maisha yangu yote ya kazi nimekuwa karani wa masijala ya vizazi na vifo, na nayajua haya kutoka upande wa ndani wa dirisha. Foleni ni ndefu, mtoto analia, mzee anasema jina mara moja tu, na wewe unaandika ulichosikia kwa herufi ulizofundishwa darasani. Ndugu watatu wa baba mmoja hutoka na Khamis kwenye cheti cha Unguja, Hamisi kwenye cheti cha bara na Hamis kwenye pasipoti, na hakuna hata mmoja aliyebadilishwa jina. Wapolandi yamewapata hayohayo, ila wao walipitia makarani wa dola tatu kabla hata ya kufika Marekani. Kwa hiyo mbele ya kila karatasi mimi huuliza kwanza: nani alishika kalamu hapa, na alisomea lugha gani?

Hilo linajibu swali lako la Urusi. Poland iligawanywa na majirani zake mara tatu, 1772, 1793 na 1795, kati ya Urusi, Prussia na Austria, ikafutika kwenye ramani hadi 1918. Mzee wako alipohama, nchi aliyokuwa raia wake iliitwa Urusi, na ndivyo karani wa sensa ya 1910 alivyotakiwa kuandika. Tazama tena ukurasa ule: mwaka huo sensa ilianza kuandika pia lugha ya mama ya mtu, na hapo bila shaka utaona Kipolandi. Neno hilo Urusi lisikuudhi, limekusaidia sana, maana sasa unajua kwamba kumbukumbu za nyumbani kwao zimo katika mpangilio wa upande wa Urusi. Angekuwa ameandikwa Ujerumani tungekwenda kwenye masijala za Prussia, ambako uandikishaji wa kiserikali ulianza Oktoba 1874 na karani aliandika Kijerumani. Angekuwa Austria, tungefungua vitabu vya Galicia, sehemu ya Poland iliyochukuliwa na Austria, vyenye safu za Kilatini.

Tuje kwenye sauti, na hapa wewe Mtanga una bahati kuliko jirani zako Wamarekani, maana sauti nyingi za Kipolandi unazo tayari mdomoni. Soma hivi: cz ni ch yetu, sz ni sh, w ni v, j ni y, c ikiwa peke yake ni ts, ó ni u. Ile ł yenye mkato ni w yetu kabisa. Herufi ą na ę zina mkia chini, nazo hutoka puani: ą mbele ya b husikika om, ę husikika em, na mbele ya herufi nyingine on na en. Kwa hiyo Wójcik husomwa Vuychik, Pawłowski ni Pavwofski, na Dąbrowski ni Dombrofski. Litamke kwa sauti. Umesikia? Dombroski wa 1910 ameandikwa sawasawa kabisa na mtu asiyejua Kipolandi aliyekuwa na masikio mazuri. Dumbrowsky wa 1920 naye ni sauti ileile kwa mkono wa pili. Hata Dombrosky ya mume wako iko karibu na alivyotamka babu yake kuliko Dabrowski isiyo na mkia ambayo wengi huiandika siku hizi wakidhani wamerudi kwenye asili.

Ndiyo maana meli hujaiona. Umekuwa ukiandika Dąbrowski au Dabrowski, na mashine inatafuta ulichoandika. Tovuti nyingi hutegemea mfumo wa zamani uitwao Soundex, uliopewa hataza Marekani mwaka 1918 na kutumika kupanga faharasa za sensa. Mfumo huo huchukua herufi ya kwanza kama ilivyo, unatupa irabu pamoja na h, w na y, halafu unazipa konsonanti zilizobaki namba: b, f, p na v ni 1, c, g, j, k, q, s, x na z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Unaishia kwenye namba tatu. Chukua kalamu tufanye pamoja. Dabrowski: D, halafu b ni 1, r ni 6, s ni 2. Jibu ni D162. Dombrowski: D, m ni 5, b ni 1, r ni 6. Jibu ni D516. Mtu mmoja, makabati mawili yaliyo mbalimbali. Ile m iliyotoka puani ndiyo iliyokuficha meli.

Kuna ubaya mwingine wa kushikilia herufi ya kwanza: Wójcik na Voychik hawakutani, Jankowski na Yankowski hawakutani. Mwaka 1985 Gary Mokotoff alitunga mfumo mwingine kwa ajili ya majina ya Ulaya Mashariki, na Randy Daitch akauboresha; unaitwa Daitch-Mokotoff na hutumia namba sita. Huo unajua kwamba w na v ni ndugu. Ukiukuta kwenye tovuti, uchague. Lakini hata huo, ukiandika Dabrowski bila mkia, hautakuletea Dombrowski. Sauti za puani zitafute mwenyewe kwa mkono, kwa namna zote mbili. Njia rahisi ni alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, pale tovuti inapoikubali: andika D*br*sk* nayo italeta jamii nzima, Dąbrowski, Dombroski, Dumbrowsky, Dembrowski.

Na jina likikataa kabisa, liache. Tafuta Wojciech tu, wa umri ule, mwaka ule, anayekwenda Chicago. Mtafute pia Jadwiga. Wanawake wengi walifuata mwaka mmoja au miwili baadaye wakiwa na watoto, na orodha ya meli iliyo na mama na watoto watatu wenye majina unayoyajua ni ushahidi mzito kuliko ya kijana aliyesafiri peke yake. Kuanzia 1907 orodha za meli ziliuliza jamaa wa karibu aliyebaki nyumbani na mahali anapoishi, na pia mtu anayekwenda kupokewa naye. Shemeji, mjomba, rafiki wa kijijini: waandike wote. Wapolandi walihama kijiji kwa kijiji, na jina la shemeji lisilo na mkia wala mkato linaweza kukufikisha pale ambapo la mzee limekwama. Angalia vilevile bandari ya Hamburg, ambayo orodha zake za 1850 hadi 1934 zipo kwa sehemu kubwa. Za Bremen nyingi ziliteketezwa.

Lengo la kazi yote hii ni jina la kijiji. Bila kijiji huendi popote, kwa sababu Dąbrowski ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Poland. Limetokana na vijiji vinavyoitwa Dąbrowa na Dąbrówka, na vijiji hivyo vimetapakaa nchi nzima. Wenye jina hili si ukoo mmoja.

Kijiji nakitarajia zaidi kanisani. Umesema mzee alifanya kazi machinjioni. Basi huenda walikaa mtaa ulio nyuma ya Union Stock Yards, ambako Wapolandi walikuwa na parokia zao wenyewe, mojawapo St. John of God. Kama walikaa kaskazini zaidi, jaribu St. Stanislaus Kostka, iliyoanzishwa 1867. Tafuta ubatizo wa watoto waliozaliwa Chicago. Mshika kalamu hapo ni padri Mpolandi: anasikia ą, anaandika ą. Hapo utaona Dąbrowski kwa mara ya kwanza, pamoja na jina la ukoo la Jadwiga kabla ya kuolewa, majina ya wasimamizi wa ubatizo, na ukibahatika, parokia waliyotoka wazazi. Picha za vitabu vingi vya parokia za Chicago zinapatikana kupitia tovuti ya FamilySearch bila malipo. Ubatizo wa mtoto mmoja usikutosheleze, fungua wa watoto wote. Padri wa mwaka mmoja anaweza kuwa mvivu na wa mwaka mwingine makini.

Matangazo ya vifo pia. Gazeti la Dziennik Chicagoski lilichapishwa kwa Kipolandi kutoka 1890 hadi 1971, na Chama cha Nasaba za Wapolandi cha Marekani, PGSA, kina faharasa ya matangazo yake ya vifo. Wafiwa walioandikwa pale wameandikwa walivyojiita nyumbani.

Karatasi za uraia nazo zina kazi yake. Katika sensa ya 1920 kuna safu yenye Na, Pa au Al: Na ni aliyekwisha kupata uraia, Pa ni aliyewasilisha karatasi za kwanza, Al ni mgeni bado. Ikiwa ni Na na ilikuwa baada ya tarehe 27 Septemba 1906, fomu zilikuwa zimewekwa za aina moja nchi nzima, na huuliza tarehe ya kuzaliwa, mahali, meli na siku ya kufika. Jadwiga usimtafute peke yake. Hadi Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mume. Angalizo: karani wa mahakama akiandika amezaliwa Lomza, huenda alitajiwa mkoa. Łomża ulikuwa mji na pia makao ya mkoa wa Kirusi wenye vijiji tele.

Tena, wanaume wote wa miaka 18 hadi 45, hata wasio raia, waliandikishwa kwa ajili ya jeshi mwaka wa 1917 na 1918. Kama mzee alizaliwa baada ya Septemba 1872, kadi yake ipo. Chini ya kadi kuna sahihi. Baada ya makarani wote hao, hapo ndipo utaona mkono wake mwenyewe, kama alijua kuandika. Mwonyeshe mwanao.

Ukishapata kijiji, nenda Geneteka, hazina ya majina ya Chama cha Nasaba cha Poland, inayojazwa na watu wa kujitolea na isiyolipiwa. Chagua mkoa, andika Dąbrowski pamoja na ukoo wa Jadwiga, na uagize itafute majina hayo mawili kama jozi. Jozi ndiyo itakayokuondolea akina Dąbrowski elfu wasiokuhusu. Mara nyingi kuna kiungo cha picha ya ukurasa wenyewe. Ukifungua na kukuta maandishi ya Kirusi, usifadhaike: katika sehemu kubwa ya Poland ya Kirusi, tangu 1868 padri alilazimishwa kuandika kwa Kirusi. Wengi wao waliandika jina kwa Kirusi kisha wakalirudia pembeni kwa Kipolandi, kana kwamba walijua mtu angekuja kulitafuta. Tarehe utaona mbili, zimepishana siku 12, kwa kuwa Urusi ilifuata kalenda ya zamani. Kuanzia 1900 zinapishana 13. Tumia ile iliyo ya baadaye kati ya hizo mbili.

Niandikie ukipata ukoo wa Jadwiga. Hilo ndilo nalisubiri kuliko meli.

*

Shikamoo mama. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, na huwapeleka wageni kwenye makaburi ya Wapolandi Tengeru. Juzi alikuja bibi kutoka Perth, Australia, na karatasi iliyoandikwa Gaiduk, Galina. Ni dada wa mama yake, aliyefia hapo kwenye kambi ya wakimbizi akiwa msichana. Tulizunguka kaburi hadi kaburi, jina hilo hatukuliona. Aliondoka analia. Je, inawezekana kaburi lipo nasi hatujalitambua?

Kijana wa Usa River

*

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na rudi ukatazame kabla hujamwambia lolote lingine.

Kirusi hakina herufi h. Mtu wa Kipolandi aitwaye Hajduk, karani wa Kisovieti humwandika kwa g, na karani mwingine akiirudisha kwa herufi za Kilatini hutoka Gaiduk. Halina naye huwa Galina. Na Wapolandi hawa wa Tengeru walipitia kalamu hizo: walitolewa majumbani mwao mashariki mwa Poland na dola ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakaachiwa baada ya mapatano ya Poland na Wasovieti ya tarehe 30 Julai 1941, wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran mwaka 1942, ndipo wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote huku kwetu, ikiwa na watu wapatao 5,000; Uganda walikuwa Masindi na Koja. Orodha ya kwanza ya mtu iliandikwa Kirusi, ya pili na Mwingereza, ya tatu na Mwaustralia. Jiwe la kaburi liliandikwa na Wapolandi wenyewe, basi litakuwa na jina ambalo karatasi ya bibi yule haina.

Kwa hiyo tafuta Hajduk. Kisha tafuta Hajdukówna, kwa sababu msichana ambaye hajaolewa aliweza kuandikwa hivyo, ubini wa baba ukiongezewa -ówna. Aliyeolewa angekuwa Hajdukowa. Majina ya -ski hugeuka -ska kwa mwanamke: mume Kowalski, mke Kowalska, na jiwe hufuata hilo hata kama karatasi za Kiingereza ziliwaweka wote Kowalski. Kati ya makaburi yale karibu 150, nadhani wageni wako wengi wamepita mbele ya bibi zao kwa ajili ya herufi hiyo moja.

Jifunze na vifupisho, vitakufaa kila siku. Ś.P. ni marehemu. Ur. ni alizaliwa, zm. ni alifariki, na neno lat mbele ya namba ni umri. Ukiona z domu, linalofuata ni ukoo wa mwanamke kabla ya kuolewa. Nenda na brashi laini na maji, usikwangue jiwe kwa kisu wala kulipaka chaki, na upige picha asubuhi mapema, jua likiwa upande, herufi zilizofifia zitajitokeza.

Usipoliona, mwambie bibi atafute kwenye Indeks Represjonowanych, orodha ya waliodhulumiwa na Wasovieti, iliyoanzishwa na kituo cha KARTA na sasa iko chini ya Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Poland. Aingie na jina la baba na mwaka wa kuzaliwa, maana humo kila mtu ametajwa na baba yake, na jina la baba huharibika mara chache kuliko ubini. Halafu Arolsen Archives ya Ujerumani, yenye karatasi za wakimbizi waliohudumiwa baada ya vita. Na kwa kuwa anaishi Perth, namwomba aulize kama mama yake alifika kwa meli ya General Langfitt, iliyotoka Mombasa na kufika Fremantle Februari 1950 na zaidi ya Wapolandi elfu moja. Kumbukumbu za Taifa za Australia zinahifadhi mafaili ya wahamiaji, na faili la mama huenda likamtaja dada.

Kazi unayoifanya pale ni kubwa. Wale walizikwa kwetu, na anayewajua kwa majina yao ni wewe unayepita kila wiki.

*

Habari za kazi Bi Mkubwa. Mimi ni mwanafunzi, Nairobi, najitolea kunakili majina kutoka picha za vitabu vya zamani ili yatafutike mtandaoni. Nimepewa kurasa za parokia ya Kipolandi huko Pennsylvania. Nakutana na Pawtowski, Koztowski, Michatowski. Kwa kusoma najua lazima ni ł. Je, nisahihishe au niandike ninachokiona?

Mnakili, Nairobi

*

Salama mwanangu. Andika unachokiona, lakini hakikisha kwanza umeona. Herufi ł ya mkono ni l ndefu iliyokatwa katikati, mara nyingi kwa mkato wa mshazari au wa mawimbi. Herufi t ni fupi zaidi, na mkato wake umelala juu. Usiamue kwa neno moja. Kwenye ukurasa huohuo tafuta jina ambalo t yake haina ubishi, Antoni au Katarzyna, kisha tafuta ł isiyo na ubishi, Stanisław au Michał. Vilinganishe na Pawtowski wako. Ukiona mkono wa padri huyo unakata ł kama kwenye Stanisław, basi ni ł, na kuiandika ł si kusahihisha, ni kusoma. Ikiwa karani ameandika t kweli, kwa sababu alinakili kutoka karatasi nyingine bila kujua lugha, iache t. Atakayemtafuta Pawłowski kwa nyota ataifikia, na atakayetaka kujua nani alishika kalamu atalipata jibu lake humo.

Pale ambapo wino umekula karatasi, tumia alama ya kutosomeka waliyokufundisha. Na usiwasahau wasimamizi wa ubatizo walioko mwisho wa mstari, kama mradi wako una safu yao. Wengi huwaruka kwa uchovu, kumbe hao ndio majirani wa kijijini.